Tone la Nanasi Kwenye Uzi

"Nimesema ongeza moto!"

"Na mimi nimesema siongezi! Sukari ikizidi kupata joto inakuwa gundi, kaka. Hujawahi kuacha peremende mfukoni?"

"Usinifundishe peremende kwenye kiwanda changu!"

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili na pipa la chuma linalokaribia kugusa dari. Juisi ya nanasi inarushwa kwa juu kama manyunyu, inakutana na hewa ya moto, chini unadondoka unga. Basi. Ila siku tatu sasa haujadondoka hata wa kumtia mtu jichoni. Kila tone lilikuwa linaenda kujibandika ukutani mwa pipa, na Fundi, mdogo wake mwenye kiwanda, amekwangua mpaka mwiko umepinda. Mnunuzi anakuja kesho. Asipoona unga, kaka anafunga kiwanda, na Fundi anarudi kulala sebuleni kwa mama, ukubwa wote ule.

"Njoo uone," Fundi akasema.

Alikuwa ametundika tone la juisi kwenye uzi, mbele ya draya ya nywele aliyoazima saluni kwa shemeji, mke wa kaka. Akaligusa na sindano. Tone likaing'ang'ania sindano kama kupe. Akatundika lingine, hili limetiwa maziwa kidogo. Akasubiri, akagusa. Sindano ikatoka safi.

"Maziwa yanalifanyia ngozi. Likishapata ngozi, halina habari na mtu."

Kaka akagusa mwenyewe, mara nne.

"Kumbe una akili. Haya, tia maziwa."

"Na lebo tunabadilisha. Pale imeandikwa nanasi tupu."

"Makopo elfu tatu yameshabandikwa! Tone la maziwa nani atalijua?"

"Mwanao atalijua. Si akionja maziwa tu anavimba midomo, mnakimbizana naye hospitali?"

"Huyo hatakunywa. Nitamwambia mama yake."

"Na watoto wa watu? Mama zao utawaambia lini?"

Kaka akafikiria. Ilionekana kabisa anafikiria.

"Mdogo wangu," akasema mwishowe, "mnunuzi ni kesho."

Fundi akazima draya, akaizungushia waya wake taratibu, maana mali ya watu. Akavua koti la kazi, akaliweka juu ya kiti.

"Ukivuka mlango huo usirudi!"

"Sawa, kaka."

Akaiweka draya kwapani, akatoka, akafunga mlango.