Mabuti ya Limbuko

Mimi sina subira, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa. Kwa hiyo ile Jumapili, nilipomwona Mzee Sosthenes anakwenda madhabahuni amekumbatia mabuti yangu kifuani, nusura nipige kelele katikati ya sadaka.

Yalikuwa yangu kwa maana hii. Isaka, mwongozaji wa filamu kutoka Mbeya, alikuwa anatengeneza filamu ya watu weusi waliochunga ng'ombe Teksasi, mwaka 1875, na nyanda za Iringa ndizo zingekuwa Teksasi yenyewe. Alitafuta mtu wa kusimamia mavazi yote. Mafundi wawili walishampelekea mabuti ya kikauboi yenye ncha kali na tai waliotariziwa pembeni. Aliyakataa, akasema hayo ni ya wanamuziki wa juzi, mchunga ng'ombe wa enzi zile hakuyajua. Mimi Damari, fundi cherehani wa Mafinga, nikampigia simu nikamwomba wiki tatu. Akanijibu kwamba Jumapili ya wiki ya tatu, saa saba mchana, atapita akielekea Iringa, na akiona jozi moja ya kweli, kazi ni yangu. Kazi ya miezi minne! Nilishaanza hata kuwaaga majirani.

Nguo nazijua, ngozi siijui. Ndipo nikamwendea Mzee Sosthenes, fundi viatu ambaye, tangu mitumba na mabuti ya mpira vijae sokoni, alikuwa akishona mikanda ya mabegi ya wanafunzi tu. Nilimwonyesha picha za kale kwenye simu. Akazikuza kwa vidole viwili, akazitazama mpaka chaji ikaanza kuisha, kisha akauliza neno moja: "Ngozi ipo?" Jumamosi jioni alimaliza. Akaniambia mabuti nitayakuta kanisani. Nikadhani ananipunguzia safari.

Kumbe mzee alikuwa na lake. Kwetu limbuko ni limbuko. Mahindi ya kwanza, yai la kwanza la mtetea, hata mshahara wa kwanza, vyote ni vya Mungu. Na haya yalikuwa mabuti yake ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Akayaweka kati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, akapiga magoti, mchungaji akayaombea. Sasa ningefanya nini? Nikamnyang'anye Mungu?

Vitu vya sadaka hupigwa mnada uwanjani ibada ikiisha. Dalali wetu ni mzee wa kanisa Yotamu, ambaye akishika jogoo hata asiyekula kuku atanunua. Alipoyainua mabuti, nikataja nauli yangu yote. Zabron akaongeza. Huyu Zabron ana kiwanda cha kupasua mbao, ana mwili wa kutosha watu wawili, na akipenda kitu hakiachi. Mfuko wangu ulishakauka. Saa sita na nusu. Nikaona njia imebaki moja: niyaponde mpaka asiyatake.

"Jamani, angalieni vizuri!" nikapaza sauti. "Buti la kauboi gani hili halina ncha? Limeviringa mbele kama kiazi!"

Watu wakacheka. Zabron akaongeza bei.

"Halina ua, halina tai, halina hata uzi wa rangi! Limepanda mpaka karibu na goti na zipu halina! Utalivaaje? Utavuta haya masikio mawili ya ngozi mpaka jasho likutoke?"

"Dada Damari," Yotamu akanitania, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili mbona linajiuza lenyewe?"

Nikapandwa na hasira kabisa. "Na kisigino je? Kirefu, tena kimekatwa kuinamia ndani! Na soli haina msumari hata mmoja, imepigiliwa kwa vijiti vya mti!"

Hapo nikajimaliza mwenyewe. Mafinga tunaishi kwa mbao; ukisema mti umeita mji mzima.

"Mti gani?" wakauliza watu wanne kwa pamoja.

"Mwati," Mzee Sosthenes akajibu taratibu, macho yake chini. "Mti mgumu, tena uliokauka vizuri. Msindano ni laini, usingeshika."

Uwanja ukalipuka. Mwati! Wapasua mbao wote wakataka, hata wasiojua kauboi ni nani. Lakini Zabron akawashinda wote, akalipa, akaketi kwenye gogo, akayavuta yale masikio, akayavaa palepale.

Ndipo nyuma ya watu mtu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kijana mrefu mwenye kofia. "Huyu dada anayetukana mabuti ni nani?"

"Damari!" kanisa zima likanitaja.

"Mimi Isaka. Nimefika mapema, nikaelekezwa huku. Dada, kila ulichokitukana ndicho ninachokitafuta tangu mwezi wa pili!"

Akamgeukia Zabron, akamwomba amwachie mabuti. Zabron, moyo wake mwema, akakubali. Ila mabuti yalikataa. Wanaume wawili wakavuta, hayakutoka. Kwaya ikajipanga kwa majoho yake, sauti ya nne, wale wa besi, mbele, ikavuta, na wote wakaangukia nyuma juu ya mkungu wa ndizi. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Jogoo alikatika kamba, akatokomea. Zabron akasimama, akapiga hatua za kujaribu, kisigino kikimsukuma mbele, mabega yakiyumba.

Isaka akaacha kucheka. "Kaka, umewahi kuchunga ng'ombe?"

"Mpaka nimemaliza la saba."

"Basi usiyavue, kauboi wangu nimempata. Panda gari, twende Iringa. Na wewe Damari, mavazi yote ni yako. Nataka jozi kumi na moja nyingine kama hii."

Nilirukaruka kama mtoto, nikamkumbatia Yotamu, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Furaha ilinijaa mpaka masikio yakavuma. Kisha nikamwona Mzee Sosthenes peke yake kwenye benchi, bado anatazama chini, na furaha yote ikanishuka. Kazi ya mikono yake, iliyoombewa, nimeitukana mbele ya usharika mzima.

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, nisamehe. Nilitaka tu Zabron ayaache."

Akainua uso. Macho yalikuwa na machozi, na mdomo ulikuwa unacheka.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mviringo wa mbele umeuona, kisigino umekiona, mpaka vijiti vya soli umeviona. Miaka hamsini nashona viatu, hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yangu hivyo."