Mshono Usio Wake

Nilipokuwa nanyonyesha nilikonda, gauni likaanza kunipwaya. Mume wangu ni fundi cherehani na alikuwa na nguo za watu hadi shingoni, nikaona nisimsumbue. Nikalibana kiunoni mwenyewe kwa sindano ya mkono.

Aliuona mshono akilipiga pasi. "Huu si mkono wangu. Nani amekupima kiuno?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Tangu hapo nikawa mtu wa kula viapo asubuhi na jioni kwamba sina mwanamume mwingine. Nikaacha masomo ya jioni ili atulie, akauliza, "Mbona umeacha, mmegombana?" Daktari ndiye aliyetufumbua macho: wivu ule ni ugonjwa wa akili, una dawa, na viapo vyangu haviuponyi. Akaanza dawa, akahamia kwa dada yake mpaka apate nafuu.

Jumapili hii wifi alimleta kututembelea. Mtoto wetu, sasa wa miaka mitatu, akamrukia shingoni.

"Haya, mrembo, mchukue mumeo," wifi akanitania. "Anakoroma kama mashine ya kusaga. Nyumba nzima hatulali."

"Mkoromo huohuo ndio ninaoulilia, wifi."

Fundi akacheka, kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa. Nilitaka kitu kimoja tu: asiondoke tena. Daktari alisema akijisikia yuko tayari, alale nyumbani.

Simu yangu ikaita mezani. Macho yake yakahamia huko. Zamani ningemkabidhi kabla hajaomba. Safari hii nikaiacha mpaka ikanyamaza.

"Siapi leo," nikamwambia. "Nina hamu na wewe, basi. Baki."

Akawa anamchezea mtoto vidole.

"Wazo lilelile limekuja," akasema polepole. "Najua ni la uongo, lakini limeshaketi. Nikilala hapa nitakuuliza mpaka ulie. Sitaki kukuliza tena, mama."

"Kwa hiyo?"

"Nirudi na dada. Nikija kukaa, nije na akili zangu zote."

Muda wote ule, machoni pake mwongo nilikuwa mimi. Leo amelishika wazo lake mwenyewe na kuliita uongo. Nilitamani kulia na kupiga vigelegele kwa pamoja.

Nikawasindikiza hadi barabarani. Pale mbele za watu, yeye mwenye haya, akanikumbatia, mtoto katikati.

"Baba, mnanibana!"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.