Siku ya Ishirini na Nane

"Sikuulizi ulisikia wapi, dokta. Nakuuliza ulisoma wapi."

"Mama Ishimwe, utafiti upo. Tena ulifanyika humu humu mkoani, kwa asali yetu wenyewe."

"Basi nionyeshe."

"Mtu mzima unapenda ubishi!"

"Na wewe mtoto unapenda asali."

Najiat alicheka, kisha akaona mimi na tabibu hatucheki, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mama yake, Bibi Tunu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha chumba cha vidonda, mguu wa kushoto juu ya stuli, bandeji imefunguliwa nusu. Walikuwa wametoka Kwihara asubuhi kwa bajaji. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha upana wa kizibo cha soda, kingo nyeupe, katikati peusi. Ana kisukari mwaka wa tisa. Nilipopima kina kwa kijiti cha chuma kilichochemshwa, kijiti kiligonga kitu kigumu. Bibi hakutikisika. Alikuwa akimkumbusha binti yake kuwafungia kuku.

"Bibi, nimekuumiza?"

"Hauumi, mwanangu. Mguu haujambo kabisa."

Hapo ndipo nilipotaka fomu ya rufaa. Mguu unaouma humpeleka mwenyewe hospitali. Mguu uliokufa ganzi humwacha nyumbani mpaka nzi waanze kumfuata.

Lakini Bibi Tunu alikuwa amekwisha kuisikia habari ya hospitali kubwa, na alikuwa na jibu lake. "Babu zangu walikwenda pwani na kurudi kwa miguu yao, pembe za ndovu mabegani. Leo mimi nipelekwe mjini kwa bajaji nikakatwe mguu? Sendi."

Sabiri, tabibu wetu, alikuwa na moyo wa kusikiliza. Kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, ana miezi kumi tu kituoni kwetu. Hapendi mgonjwa atoke mlangoni analia. Akamwambia bibi kwamba ipo njia nyingine: kidonda kifungwe kwa asali safi nyumbani, kila siku mbili, kwa mwezi mmoja. Mimi nikasema hapana, na ndipo ubishi ulipoanza.

Sheria ya chumba kile niliiweka mwenyewe. Hapa tiba haiandikwi kwa "nasikia". Anayetaka kubadili namna ya kutibu atafute kwenye maktaba za tafiti mtandaoni, aje na karatasi, tuisome pamoja. Sabiri alipofika nilimfundisha jinsi ya kutafuta. Nilimwambia usiulize kama mtu anayemtafuta ndugu yake sokoni kwa kusema "mmemwona mwanamume?" Taja jina, taja kofia, taja baiskeli, taja alikotokea. Maneno yakizidi kuwa mahsusi, watu wa kukupotezea muda nao watapungua.

"Nilisikia kwenye semina," alikiri sasa. "Sikumbuki nani aliandika."

"Basi nitatafuta mimi."

Nilitoa simu nikiwa na uhakika wa kumshinda. Nilikuwa nimewahi kusoma mengi kuhusu asali na vidonda, kama kila muuguzi wa Tabora. Niliandika asali, nikaandika kidonda, nikaandika kisukari. Yakaja majibu mia sita na kitu. Nikachuja, nikabakiza majaribio yenye makundi mawili ya kulinganisha. Nikaongeza Tanzania. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika, nikasogea dirishani. Muhtasari wa kwanza ulisema ushahidi ni hafifu. Wa pili ulisema tafiti ni ndogo, nyingine zinahitajika. Nilikuwa nikimsomea Sabiri kwa sauti, kila mmoja kama kofi dogo.

Wa tano nilianza kuusoma kimya.

Niliutambua kabla haujafunguka wote. Wagonjwa arobaini, vituo vya kando ya reli ya Mwanza. Ishirini walifungwa vidonda kwa asali, ishirini kwa dawa ya kawaida. Kisha sentensi moja ambayo Sabiri angeipenda kuliko zote: wagonjwa watatu wa kundi la asali walikuwa na kisukari, na vidonda vya wote watatu vilikuwa vimefunga kufikia siku ya ishirini na nane. Chini kabisa, kwenye shukrani, palikuwa na jina la muuguzi aliyewafuata wagonjwa majumbani. V. Sindayigaya.

"Hakuna cha maana," nilisema, nikatia simu mfukoni.

Ningeshinda hapo hapo. Sabiri angenyamaza, bibi angeandikiwa rufaa, na mimi ningekwenda kunywa chai. Lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri. Alikwisha kutoa simu yake, akawa anaandika alichoniona nikiandika, akiongeza neno moja ambalo mimi sikuliongeza. Aliongeza Tabora.

"Huu hapa!" Akaruka kutoka ukingo wa meza. "Watatu kwa watatu! Mama Ishimwe, huu hapa! Na..." Akasogeza skrini kwa kidole, akanikodolea macho. "Mbona jina lako limo?"

Nikachukua bandeji mpya mezani.

"Dada Najiat, njoo uone. Utafiti wenyewe ni wa huyu huyu sista!"

"Kumbe!" Najiat akapiga makofi mara moja. "Na alivyojifanya hajui!"

"Anaogopa tutamwomba asali ya bure," alisema Bibi Tunu, na wote watatu wakacheka. "Haya, nifungie mguu wangu niende zangu. Kuku wako nje."

Nilisimama nikiwa nimeshika bandeji. Niseme nilisikia nini? Sikusikia kitu. Ilikuwa hivyo kwa miaka. Mtu akitaja utafiti ule, ndani yangu huwa kama fizi iliyochomwa sindano ya meno. Unajua kuna mdomo pale, lakini ukijing'ata husikii.

Mgonjwa namba kumi na saba wa utafiti ule alikuwa mzee Aleksi, mrina asali wa Bukene. Tulipomwambia dawa yake ni asali, alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema maisha yake yote alikuwa akiuza dawa bila kujua, watu wakiila na mkate. Nilimtembelea siku ya saba, nikamtembelea siku ya kumi na nne. Kidonda kilikuwa kinapendeza. Nilimwahidi kurudi siku ya ishirini na nane.

Siku hiyo treni ilichelewa kwa saa tano. Nilishuka Bukene alasiri. Nyumbani kwake ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, mvua imefunga njia, na nilikuwa nimemwacha Ishimwe kwa jirani, ana miezi saba, bado ananyonya. Kuna lori lilikuwa linarudi Tabora. Pale kituoni palikuwa na mama muuza karanga anayetoka kijiji kimoja na mzee. Nikamsalimu, nikamuuliza:

"Mzee Aleksi hajambo?"

"Hajambo."

"Na mguu?"

"Haujambo, mama."

Huku kwetu ndivyo tunavyojibu. Mtu aliyefiwa juzi atasema hajambo, kisha baada ya salamu zote kwisha ndipo atakapokueleza habari yenyewe. Kila mtu anajua hivyo. Mimi pia nilijua. Sikungoja salamu ziishe. Nilichukua kalamu nikaweka alama kwenye kisanduku cha "kidonda kimefunga", nikapanda lori. Kisanduku kilichofuata chini yake, urefu wa ukucha, kiliandikwa "mgonjwa hakuonekana".

Baada ya miaka miwili nilimkuta kwenye stesheni ya Tabora. Alikuwa kwenye benchi, mkongojo ubavuni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe je?"

"Sijambo," alisema. Na salamu zilipokwisha kabisa, akanieleza. Ulikatwa mwezi ule ule wa mvua. "Nilikungoja," alisema, bila lawama, kama anavyosema mtu aliyengoja treni. "Nikasema sista akija atanitazamia, maana ulikuwa hauumi."

Nikamnunulia chai, nikaondoka. Nyumbani, cheti changu cha kushiriki utafiti kiko ukutani sebuleni, kwenye fremu. Kwa cheti hicho ndipo nilipopewa chumba cha vidonda.

"Sista?" Najiat aliniita. "Unafunga au hufungi?"

Niliweka bandeji chini.

"Dokta, namba kumi na saba sikumwona."

"Nani?"

"Mmoja wa hao watatu wa kisukari. Siku ya ishirini na nane sikufika kwake. Niliuliza watu stesheni, wakasema hajambo, nikajaza amepona. Alikuwa hajapona. Mguu ulikatwa."

Kicheko kilibaki usoni mwa Sabiri kwa muda, kama kofia iliyosahauliwa. Kisha akaiweka simu mezani.

"Mama Ishimwe, unasema hivyo ili unishinde."

"Nikushinde nipate nini?"

"Dakika tano zilizopita ulisema hakuna cha maana. Sasa umeonekana, unasema ulidanganya. Nikuamini lini?" Hakuwa na ukali. Alikuwa ananifanyia nilivyomfundisha. "Hiki kimeandikwa. Maneno yako ni maneno. Kama ni kweli, kwa nini hukuwaambia wenye utafiti?"

Nje mwanamke alikuwa akimkemea mtoto aache kugusa bomba. Bibi Tunu alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama mimi, kisha akautazama mguu wake, kana kwamba mmoja wetu amemtukana mwenzake.

"Anwani yao ipo," alisema Sabiri. "Ukurasa wa kwanza, juu."

Niliketi. Nilifungua barua pepe kwenye simu yangu, nikanakili anwani ya daktari aliyesimamia utafiti. Tulikuwa tukielewana, aliwahi kumletea Ishimwe kofia ya sufu. Nikaandika:

"Daktari, mimi ni Veridiana Sindayigaya, niliyekuwa muuguzi wenu wa kuwafuata wagonjwa. Mgonjwa namba kumi na saba, Bukene, siku ya ishirini na nane sikumwona. Fomu niliijazia stesheni kwa kuuliza watu. Mguu wake ulikatwa mwezi huo huo. Nimelijua hilo kwa miaka tisa. Naomba mrekebishe."

Nikaongeza mstari kuhusu mtoto aliyekuwa ananyonya. Nikausoma. Nikaufuta.

Nikamgeuzia Sabiri skrini. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, na alipofika mwisho akainua uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa.

"Wakitaka, wanaweza kukufutia leseni."

"Najua."

"Ngoja basi. Nimekuamini. Usitume. Nitaandika rufaa, yaishe."

"Leo umeniamini wewe. Kesho kuna dokta mwingine atatafuta kama ulivyotafuta, na sitakuwepo."

Nikabonyeza. Mtandao ukasita, alama ikazunguka, ikazunguka. Nilisogea tena dirishani nikainyoosha simu juu. Ikaenda. Nilingoja nisikie kitu, chochote, hata hofu. Ganzi ilikuwa pale pale.

Sabiri alivuta kitabu cha rufaa kutoka kwenye droo, akaanza kuandika. Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya Bibi Tunu.

"Bibi, umesikia."

"Nimesikia. Huyo mzee alikungoja."

"Aliningoja."

"Na mimi wananikata?"

"Sijui. Kijiti changu kimegusa mfupa. Ukienda leo wanaweza kusafisha na dawa ya mshipani, au wakaondoa kidole. Ukikaa na asali mwezi mzima, huo mguu sikuahidi."

Najiat alianza kulia. Mama yake akampiga kidogo begani anyamaze.

"Na nikienda, nani atanitazama huko? Utasema utakuja, halafu mvua inyeshe."

Aliuliza kawaida tu, kama anauliza bei. Nikasimama, nikavua aproni, nikaitundika kwenye msumari. Nikampa Sabiri funguo za kabati la dawa.

"Wagonjwa wangu wa leo ni sita. Daftari liko pale. Usimpime mtu kwa salamu, fungua kila bandeji."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda naye."

Bajaji iliyowaleta ilikuwa bado kivulini. Tulimweka bibi katikati, Najiat upande mmoja na kikapu, mimi upande wa pili. Niliuchukua mguu nikauinua, nikaulaza mapajani kwangu ili usigonge kwenye mashimo. Dereva akauliza tuelekee wapi, nikamwambia. Tukaingia barabara ya mjini, vumbi jekundu likitufuata nyuma.

Mguu ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tulipovuka reli nilianza kulisikia joto lake, kwanza kidogo, kisha likapenya sare yangu mpaka kwenye ngozi, likawa linachoma, nami sikuusogeza.