Dansi ya Masikioni

Eustorgio alichagua wiki mbaya ya kufa. Nereida hakuthubutu kulitamka hilo, maana marehemu hasemwi, na huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mume wa shoga yake Ubaldina. Lakini kazikwa Alhamisi, na Jumamosi Yuleisi, binti wa Nereida, alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, ambayo kwa mila yao ni siku ya gauni refu na dansi na baba mbele ya watu.

Pale kijijini kwao kando ya mto, matanga ni siku tisa, na anayepiga muziki ubavuni mwa msiba hasamehewi, hata wajukuu zake watakumbushwa. Kuahirisha nako hakukuwezekana. Arnulfo, baba wa mtoto, alipaswa kurudi mgodini Jumapili, na mchele na nazi vilishanunuliwa. Kila Nereida alipopeleka kahawa kwenye sala za msiba alinuia kumwambia Ubaldina, na kila mara ulimi ulimwia mzito. Utaanzaje kumwomba mjane ruhusa ya kucheza? Aliogopa kumpoteza shoga yake, akaogopa pia macho ya mwanawe.

Yuleisi ndiye aliyepata njia. Alinunua sokoni kidude chenye matundu matano: ukikichomeka kwenye simu, watu watano wanasikiliza wimbo mmoja, kila mtu na visikilizio vyake. Spika kubwa walizokodi zikarudishwa kwa mwenyewe.

Basi Jumamosi alasiri walifunga madirisha wakacheza. Simu ilikaa mfukoni mwa Arnulfo, nyaya zikimtoka kotini. Baada ya baba, wanaume wa karibu walipokezana kucheza na Yuleisi, kila mmoja akifuta visikilizio kwa mkono wa shati kabla ya kuvivaa. Waliokosa tundu walitazama watu wakizunguka kimya kimya, wakang'ata leso wasicheke. Mjomba mtu alikanyaga waya, bibi yake Yuleisi akavutwa sikio kama mbuzi wa mnadani. Nereida naye alicheka, ila moyo ulikuwa ng'ambo ya ukuta. Alijiona mwizi, na za mwizi ni arobaini.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Ubaldina, kavaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

Nereida alimwendea. "Shoga, nisamehe. Nilitaka kukwambia, nikashindwa."

"Nasikia viatu muda wote huu na hakuna anayeongea," akasema Ubaldina. "Nikajua tu mnafanya upuuzi wenu." Akawatazama mmoja mmoja, na nyaya zao. "Zamu ya Eustorgio ni ya ngapi?"

Akamgeukia Nereida.

"Mwezi mzima mzee wa watu alikuwa akicheza na fagio uani kwangu, ajifunze asije akamkanyaga huyu mtoto. Mkampita hivihivi?"

Nereida alivua visikilizio vyake haraka, akamnyooshea. Ubaldina akausukuma mkono wake.

"Toa vitu vyako hivyo. Mimi nina msiba, sisikilizi muziki." Akageuza shingo huku na huku, kama anayetafuta kuku aliyepotea. "Kwani hapa kuna muziki? Mbona mimi sisikii kitu?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, kisha nyumba nzima. Nereida alicheka huku akilia, na mzigo aliobeba tangu Alhamisi ukamshuka mabegani wote kwa mara moja. Ubaldina alimpangusa shavu kwa kiganja, akamwambia asiharibu poda, picha bado.

Kisha akamshika Yuleisi kiunoni, kama mwanaume. Msichana alivivua visikilizio vyake, akamwachia baba yake. Wakaanza kuzunguka polepole, gauni la waridi na gauni jeusi, Ubaldina akihesabu kwa mnong'ono, moja, mbili, tatu.

Nereida alivaa tena vyake. Hatua zao hazikwenda na wimbo hata kidogo. Baadaye kidogo wimbo ukaisha, simu ikanyamaza. Arnulfo alimtazama mkewe, naye akatikisa kichwa: asiseme kitu. Wale wawili hawakujua, wakaendelea kucheza.