Mshono wa Arobaini na Moja

Mshono ule ulikuwa mzima. Naanza na hilo kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini sijamwambia mtu, na nyinyi hamnijui.

Kazi yangu ilikuwa kusoma picha. Kwenye karakana yetu ya nyambizi, huku kaskazini kando ya Bahari Nyeupe, kila mshono wa chuma ulipigwa eksirei kama kifua cha mgonjwa, na filamu ikaletwa mezani kwangu. Mimi, Kapitolina Savvichna, niliiweka juu ya taa, nikaiinamia, nikaandika "umepita" au "umekataliwa". Wachomeleaji wote walinisalimia kwa adabu, isipokuwa Rodion.

Rodion Lukich alikuwa fundi kuliko wote, na alijijua. Alinichumbia majira mawili ya baridi, akala chapati za maji za mama yangu mpaka akanenepa, kisha akamwoa Glafira wa kwenye winchi. Hilo ningelimeza. Lakini siku moja kantini, watu wamejaa, nimeshika bakuli langu la supu ya kabichi, akapaza sauti:

"Kapa! Bado unatafuta nyufa?"

"Ndiyo kazi yangu, Rodion Lukich."

"Kwangu hupati ng'o! Kaupige picha huo moyo wako. Mle ni ufa mtupu, hata panya anapita na mzigo!"

Kantini nzima ilicheka. Hata mpakuaji alicheka, upawa mkononi. Nilikaa nikainywa supu yangu hadi tone la mwisho, maana ningeinuka ningelia mbele yao.

Wiki ileile ikaja filamu ya mshono wa arobaini na moja. Ulikuwa wa nyambizi tuliyoiita Ishirini na Nane, nyambizi ya kuwinda nyambizi, yenye kinu cha nyuklia tumboni. Mshono ulilizunguka bomba la maji ya bahari pale linapotoboa ubavu wa chumba cha saba, na kando yake Rodion alikuwa amegonga muhuri wake kwenye chuma, namba kumi na saba. Filamu ilikuwa safi. Nimesoma filamu maelfu, sijaona kazi nzuri kama ile, na uzuri wenyewe ndio ulionichoma roho. Nikaandika: umekataliwa, una ufa.

Nilitaka tu aaibike. Basi.

Alikuja mlangoni kwangu na kofia mkononi.

"Umeona nini?"

"Ufa."

"Nionyeshe."

"Filamu ni siri. Sheria unaijua."

"Mkono wangu unajua ulichofanya, Kapa," alisema kwa sauti ya chini, bila mzaha.

"Kapitolina Savvichna," nikamsahihisha.

Chuma kile hakipendi kuchomwa mara mbili. Ukichimbua mshono na kuurudia, lazima ukipashe moto polepole siku nzima, la sivyo kinakuwa kikavu na kinapasuka. Lakini mkuu wa karakana, Nikanor Yegorovich, alikuwa ameahidi nyambizi itashushwa majini kabla ya sikukuu ya Mapinduzi, mwezi wa Novemba. Akampa Rodion muda wa saa nne tu.

Filamu ya pili ilipofika, ufa ulikuwapo. Mwembamba kama unywele, lakini ufa. Sasa sikilizeni nilivyonaswa: mshono ukikataliwa mara mbili, filamu zote mbili hupelekwa Leningrad, kwa kamati. Wangeiona ile ya kwanza, safi kabisa, na maandishi yangu chini yake. Nikanor Yegorovich alikuwa amesimama nyuma yangu akinipumulia shingoni.

"Vipi, mama?"

"Umepita," nikasema.

Kwetu kuna desturi. Nyambizi mpya inapokwenda kuzama kina chake cha mwisho, mafundi walioichomelea wanakwenda nayo. Mmoja hufunga uzi chumbani, ubavu hadi ubavu, ukiwa umekazwa kabisa. Bahari inapoibana nyambizi, uzi unalegea, na kila mtu anauona kwa macho yake. Glafira alimpa Rodion uzi mwekundu, kutoka donge la sufu alilokuwa akifumia soksi za mtoto wao. Niliwaona gatini asubuhi ile. Ningeweza kusema neno moja. Nilifunga vifungo vya koti langu, nikaenda kazini.

Waliorudi walinisimulia. Uzi ulilegea mpaka ukafika vifuani mwao, wakacheka, wakapigana mabega. Kisha mshono ukapasuka. Kwa kina kile maji hayavuji, yanakata. Wenzake wawili waliruka hadi chumba cha sita, naye Rodion akabaki nyuma akihangaika na vali, na mlango ukafungwa kama sheria inavyotaka. Aligonga mlango kwa spana. Waliokuwa upande wa pili walisimama wakimsikiliza, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Nyambizi ilifika juu baada ya dakika kumi na moja. Kugonga kulikuwa kumekoma katika dakika ya sita.

Kamati ya makamanda ya kuchunguza ajali ilikaa siku tatu. Filamu hawakuziomba, maana wangeziomba, wangeulizwa nani aliharakisha kazi. Walisoma daftari tu: umekataliwa, umerudiwa, umepita. Wakaamua Rodion aliharibu mara ya kwanza, na mara ya pili akauficha ubovu wake. Mjane akanyimwa pensheni. Mimi nikapewa nishani, kwa kuwa ndimi pekee niliyekuwa nimeona ufa mapema. Niliivaa.

Ishirini na Nane ilitengenezwa, ikatumika miaka ishirini na tatu. Ilipita chini ya barafu, ikawafuata Wamarekani, ikarudi na sifa. Glafira alisafisha ngazi za jengo letu miaka yote hiyo. Kisha nchi ikavunjika, siri zikawa takataka, na nyambizi ikavutwa kurudi kwetu kukatwa vipande. Nikaenda kwenye stoo ya kumbukumbu nikaichukua ile filamu ya kwanza. Nilikusudia kuichoma.

Jioni Glafira akabisha hodi, na mtungi wa jamu.

"Kapitolina Savvichna, kwanza nakuomba msamaha kwa niaba yake. Alikutukana mbele za watu. Iliniuma hata mimi."

Nikamkaribisha chai.

"Wananiambia mtu wa eksirei akiandika barua, jina la Rodion linaweza kusafishwa. Siombi uongo. Ninachotaka ni kuuona huo ufa, niache kumuuliza usiku."

Sijui nilipatwa na nini. Nikaitoa ile filamu, nikaishika mbele ya taa ya jikoni. Aliitazama muda mrefu, pua karibu inagusa.

"Mbona sioni kitu?"

Hapo ndipo ningesema. Kalamu ilikuwa mezani, karatasi iko, naye amekaa ananingojea.

"Ufa kama huu unataka macho yaliyozoea," nikamwambia. "Huu hapa, unapita hivi."

Nikachora kwa ukucha ufa usiokuwapo. Akafuata ukucha wangu, akatikisa kichwa polepole, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Basi alikosea kweli, maskini. Naomba niichukue. Ni kazi ya mkono wake."

Sikupata sababu ya kukataa. Ameitundika kwenye dirisha lake la jikoni kwa uzi mwekundu, mkabala na dirisha la chumba changu cha kulala. Kila asubuhi jua linapita ndani yake, nami nauona mshono wa Rodion nikiwa bado kitandani, hauna hata doa. Katika mji huu wamebaki watu wawili wanaojua kusoma filamu. Mmoja amepofuka. Mwingine ni mimi.