Homa ya Nyika

Klara alitetemeka tena mgongoni mwa mama yake, meno yakagongana, na Raheli akamwongezea kanga ya pili. Mganga wa zahanati, Bwana Nikodemo, alimtazama mtoto bila kuinuka kitini.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba. Mlilala nyika lini?"

"Hatukulala nyika."

Milimani kila mtu alijua mwiko huo. Ukishuka nyika, Mombo, kuuza kabichi, unapanda kabla jua halijazama. Anayelala kule hurudi na homa. Raheli alikuwa ameushika tangu utoto. Klara alikuwa hajaiona hata reli ya kule.

"Basi ni mafua," alisema Nikodemo. "Klorokwini iliyobaki ni ya wanaotoka nyika. Huku juu hakuna mbu wa homa."

"Sasa wapo. Tangu shamba la ujamaa kule bondeni lipulizwe dawa ya magugu, vyura wamenyamaza. Madimbwini vimebaki viluwiluwi vya mbu tu, vinene. Na mbu wanaotoka humo wanatufuata hadi ndani."

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Selemani, aliyekuwa kwenye benchi akingoja dawa ya mgongo, alicheka.

"Inaua magugu, inaua chura, halafu inamnenepesha mbu? Mama Klara, hiyo ni dawa au uji?"

Benchi zima likacheka. Raheli alisikia pumzi ya mtoto shingoni, fupi, ya moto.

"Tulilala Mombo," alisema.

"Lini?"

"Juma lililopita. Nilipeleka kabichi."

Nikodemo akashusha pumzi, akafungua kopo. "Si ungesema mapema." Alimfungia vidonge katika kipande cha gazeti.

Sasa Selemani hakucheka.

"Juma lililopita ilikuwa zamu yenu ya palizi. Kumbe wenzako wanalima, wewe uko nyika unalangua kabichi?"

Juma lililopita Raheli alikuwa bondeni, mstari wa mwisho, miguu majini. Lakini angelisema hilo, vidonge vingerudi koponi. Akavibana kiganjani.

"Nisamehe, Ndugu Mwenyekiti."

"Kuanzia kesho utateka maji ya pampu ya dawa, mpaka bonde lote lipulizwe."

"Na mtoto?"

"Si amepata dawa?"

Usiku ule Klara alitapika kidonge cha kwanza, na cha pili.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado bondeni, Raheli alichovya debe kwenye dimbwi, mtoto mgongoni. Chura alielea tumbo juu. Ndani ya debe viluwiluwi vilijipinda na kunyooka. Mpulizaji alimimina dawa, maji yakawa meupe kama maziwa, na viluwiluwi vikaendelea kucheza.

Raheli akarudi dimbwini. Klara alikuwa ameacha kutetemeka. Mguu wake ulining'inia ubavuni mwa mama. Mbu mmoja mkubwa akatua juu ya unyayo, akatulia, akaanza kunywa.

Raheli aliutazama ule mguu, akisubiri utikisike.

"Maji!" mpulizaji aliita kutoka tutani. "Mama Klara, maji!"