Kifaa Kilichopelekwa kwa Bibi

Kazini walimwita Bi Hakika, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mwonyeshe namba yoyote, hata ya joto la chai, atakuuliza, "Una hakika?" Kazi yake ilikuwa kujaribu vifaa vya kupimia vumbi la hewani, lile vumbi jembamba lisiloonekana, linalopita puani bila hodi na kwenda kukaa kifuani. Vifaa vyenyewe vilikuwa vidogo, ukubwa wa kopo la maziwa. Ndani mna kijitaa na kifeni, na kila chembe inayopita mbele ya taa inahesabiwa. Ubaya wake ni kwamba vidude hivi havina akili ya kutofautisha. Ukipita mvuke, vinahesabu. Kila tone la maji kwao ni vumbi. Kaanga vitunguu karibu na kimoja uone kitakavyopiga kelele, utadhani mji mzima unaungua.

Ndiyo maana kifaa chochote kilichotoka boksini kilipelekwa kwanza kwa Bibi. Bibi ilikuwa mashine kubwa iliyokaa juu ya paa la maabara, nzito, ghali, inayovuta hewa kutwa kucha na isiyodanganywa na mvuke. Vidude vipya vilifungwa kando yake kwenye kizimba cha waya, majuma mazima, jua lao, mvua yao. Kinachokubaliana na Bibi kinabandikwa kibandiko cha kijani. Kinachobishana naye kinarudi boksini. Kabla ya hapo kifaa hakina neno la kusema mbele ya watu wazima. Sheria hiyo Bi Hakika aliiandika kwa mkono wake, na aliyeivunja alikiona cha mtema kuni.

Sasa huyuhuyu alikuwa na mama yake. Waliishi wawili katika nyumba ndogo, mama akilala chumba cha nyuma. Mama alikuwa na pumu ya miaka mingi, pumu waliyokwisha zoeana nayo. Ikimjia anavuta dawa yake, anakaa kidogo, anaendelea na kazi zake. Lakini mwaka huo mambo yalibadilika. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karakana ya useremala, na seremala alikuwa amefunga mashine mpya ya kupiga msasa. Tangu ianze kunguruma, mama alishinda akikohoa, kikohozi cha kumfanya ashike ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, alikuja akamtazama mara moja tu.

"Dada, hama," akasema. "Kwangu kuna chumba, kitanda nimeshatandika. Unangoja nini? Upigiwe tarumbeta?"

"Mwanangu ndiye kazi yake hewa," mama akajibu, na maringo yalikuwa wazi usoni. "Akisema nihame, nahama leo hii. Asiposema, nitaiachaje nyumba yangu kwa ajili ya kikohozi?"

Mama mdogo akamgeukia binti, mikono kiunoni. "Haya, mtaalamu. Sema basi."

Mtaalamu hakusema. Alisema atapima.

Vifaa vyote vyenye kibandiko cha kijani vilikuwa vimeshagawiwa mashuleni, kwa hiyo alichukua kimoja kipya kabisa, cha toleo ambalo halijawahi kufika maabara, akakiweka juu ya kabati la mama asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni aliporudi alikitazama, na macho yakamtoka. Namba zilipanda seremala alipofungua karakana, zikabaki hukohuko juu mchana kutwa, zikashuka alipofunga. Namba za ukubwa ule alikuwa ameziona mahali pamoja tu, kwenye dampo linaloungua.

Moyo ukampasuka paa! Kisha akaona beseni na shuka kando ya kitanda.

"Mama, leo umejifukiza?"

"Nimejifukiza asubuhi, na mchana nikarudia. Kifua kilikuwa kimebana."

Bi Hakika akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Yaani mama yangu! Kumbe umekipimisha mvuke wako! Mimi roho iko mkononi hapa, kumbe ni beseni!"

"Makubwa! Mimi nimeharibu kazi ya watu?"

"Hujaharibu. Hiki kidude hakijui maji wala vumbi, na hata hakijajaribiwa. Siwezi kukiamini."

Mama naye akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Alipopata pumzi aliuliza, "Kwa hiyo nihame au nisihame?"

"Ngoja kwanza nikihakikishe kifaa."

"Sawa, mama. Kihakikishe."

Jamani! Hapa mtu anatamani amshike mabega amtikise. Hivi ilikuwa na ugumu gani? Mvuke wa beseni haukai chumbani mchana kutwa. Angeweza kuondoa beseni akakiacha kifaa palepale. Au amhamishe mama kwanza, hayo ya kupima yafuate. Hewa ile isingekwenda popote. Lakini alikuwa ametumia miaka yake yote kushuku vyombo, na siku hiyo akakishuku chombo akamsahau aliyekuwa anapumua mbele yake. Akakitia kifaa mkobani, na kesho yake akakifungia kizimbani kando ya Bibi.

Usidhani hakumpenda mama yake. Alimsugua mgongo, alimpeleka hospitali, alimnunulia dawa ya kuvuta hata ile ya kwanza ilipokuwa haijaisha. Alipanda juu ya kiti akaziba kwa matambara matundu ya hewa yaliyoelekea karakana, na alipomwona seremala alimwomba awahi kufunga. Kitu kimoja tu hakukifanya, nacho ndicho mama yake alikuwa anakingoja. Hakusema, "Mama, hama."

Kila jioni mama alimpokea mlangoni na swali lilelile. "Bibi kasemaje?"

"Bado, mama. Tunangoja siku ya ukungu. Kwenye ukungu ndipo kidude kinajulikana kama kinadanganya."

"Haya. Mwambie Bibi mwenzake anamsalimu."

Wakacheka wote wawili. Mama alikuwa ameanza kulala ameketi, mito miwili mgongoni, na hilo aliligeuza mzaha pia. Alisema anajifunza kulala kama abiria wa masafa marefu. Mama mdogo akipiga simu alijibiwa, "Bado mwanao anahakikisha." Mama mdogo naye alikata simu bila kuaga, maana angeaga angetukana.

Siku yenyewe Bi Hakika alikuwa juu ya paa akisafisha mdomo wa Bibi. Simu ilipigwa na jirani. Alishuka ngazi hajui anakanyaga wapi, na alipofika hospitali daktari alimshika mkono kabla ya kufungua kinywa, basi akajua. Mama hakufika akiwa hai. Jirani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, dawa ya kuvuta mkononi, dirisha limefunguliwa mpaka mwisho.

"Pole sana," daktari akasema. "Mahali alipokuwa analala palikuwa na vumbi?"

"Bado tunahakikisha," Bi Hakika akasema.

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Daktari na muuguzi walimketisha kwenye benchi.

Aliporudi kazini baada ya mazishi, wenzake walimpa pole, wakamtunza kama yai. Kijana wa vipimo, waliyemwita Kipara kwa kichwa chake, hakujua kifaa kile kilikotoka. Kwake kilikuwa kifaa tu, na kilikuwa kimemfurahisha mno. Alimjia mbio na kompyuta mkononi.

"Dada, pole tena, lakini hiki lazima ukione. Kile kipya ulichokileta! Kinakwenda na Bibi mguu kwa mguu. Hata ule ukungu wa juzi hakikubabaika. Ndani wameweka kipasha joto kinachokausha mvuke kabla ya kuhesabu. Watengenezaji walikwisha sema, ila wewe si unajua hatuamini maneno yao."

Alitazama mistari miwili kwenye kioo, wa Bibi na wa kidude, mmoja juu ya mwenzake.

"Una hakika?" akauliza. Ilimtoka tu.

"Hakika kabisa. Sijawahi kuona kizuri kama hiki. Kilikuwa sahihi tangu siku kinatoka boksini."

Kipara akabandika kibandiko cha kijani, akakisugua kwa kidole gumba kishike vizuri. Bi Hakika akamshukuru, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga mtu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Alimkuta katika kile chumba, anaondoa shuka kwenye kitanda ambacho hakikulaliwa na mtu. Alimsaidia kukunja, huyu ncha hii, yule ncha ile.

"Kile kidude," mama mdogo akauliza mwishowe, "kilisemaje?"

Angeweza kudanganya. Nani angejua?

"Kilikuwa kizima, mama mdogo. Kilisema kweli siku ileile ya kwanza. Mimi ndiye niliyekikatalia."

"Na yeye ulimwambiaje?"

"Nilimwambia angoje."

Mama mdogo akaketi kwenye godoro tupu. Bi Hakika alisubiri kelele, matusi, hata kofi. Angelipokea kwa mikono miwili. Mama mdogo alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Asubuhi ya siku aliyofariki nilimpigia. Nikamwambia nimepata gari, funga nguo, nakuja kukuchukua kwa nguvu. Pumzi hana, mwanangu, neno moja anapumzika, neno moja anapumzika. Akaniambia, 'Usimharakishe mtoto. Amesema ningoje, nami nangoja.'"

Bi Hakika alipiga magoti pale sakafuni, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake mdogo, akalia kwa sauti. Mama mdogo hakumwambia anyamaze.